Nilichagua Gari Nisiloweza Kuliendesha

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni kwangu, leseni mpya ya udereva mkononi, sina hata mtu wa kumwonyesha.

Kwa wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni na taulo za vinyozi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiyaleta machafu na kuyarudisha masafi kwa pikapu yetu kuukuu. Siku moja moyo wake ukasimama tukiwa njia panda, mikono bado iko kwenye usukani, na mimi nimekaa pembeni yake.

Sikujua kuendesha. Niliishika ile gia nikaitikisa huku na huku kama mtu anayehangaika na kitasa cha mlango uliofungwa. Nyuma yetu watu walipiga honi. Walidhani tunazembea. Alipotokea mtu wa kutuendesha, mume wangu alikuwa ameshakwenda.

Kwenye msiba, mama mkwe alininyooshea kidole mbele ya watu wote. "Ungejua kuendesha, mwanangu angefika hospitali." Tangu hapo hatujasalimiana.

Pikapu niliiuza, maana sikuweza kuipita pale uani bila kugeuza uso. Nikaenda kujifunza udereva. Nilifaulu, lakini kwa huruma ya mwalimu, kwa sababu kila nikifika njia panda gari lilinizimikia.

Basi ndiyo hivyo. Leseni ninayo, moyo wa kuendesha sina, na nyumba nzima ni mimi na redio.

Sijui kama umewahi kukunja shuka la kitanda kikubwa peke yako. Kazi ile inataka watu wawili. Mmoja anashika ncha mbili, mwingine anashika mbili, mnalivuta, mnalikung'uta, halafu mnaendeana mpaka vidole vinagusana. Mimi na mume wangu tulifanya hivyo miaka yote ya ndoa yetu. Alipokufa nikapigilia misumari miwili ukutani, nikawa natundika ncha zangu pale. Nikajikuta naiambia misumari, "Vuta kidogo."

Na mzigo nikawa natuma kwa pikipiki. Siku moja robota likafunguka njiani, mashuka yakaburuzwa kwenye tope mpaka mlangoni kwa mteja. Meneja wa nyumba ya wageni akanipigia simu.

"Mama, haya yaliyoletwa ndiyo safi au ndiyo machafu unayotaka kuja kuyachukua?"

Siku hiyo hiyo nikampigia shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Upande ule wa familia ndiye peke yake aliyekuwa bado anapokea simu yangu.

"Shem, nataka kununua gari. La mtumba, lakini zima. Nisindikize."

"Kesho asubuhi nakuja," akasema. "Usiende na mtu mwingine."

* * *

Kwenye yadi ya magari tulipokewa na dalali aliyefunga tai shingoni katika jua lile. Wenzake walimwita Tai. Sikujua kama ni kwa sababu ya ile aliyoifunga au kwa namna alivyomrukia mteja.

"Karibu, mama. Wewe usiseme kitu. Nakuona tu, najua gari lako lipo wapi."

Akatupeleka moja kwa moja mwisho wa yadi. Magari mawili yalisimama sambamba kama mapacha, aina moja, mwaka mmoja, nyuma nafasi ya kutosha mashuka ya wiki nzima. Moja jeupe, moja la bluu. Bei nazo zilikaribiana.

"Tofauti yake nini?" nikauliza.

"Tofauti ni mguu wako wa kushoto," akasema Tai. "Hili jeupe ni otomatiki. La bluu ni manyuali, la gia za mkono."

Shemeji alikuwa ameshafungua mlango wa lile la bluu.

"Shem, njoo huku. Otomatiki ni ugonjwa. Giaboksi yake ikifa, umenunua gari jingine. Hili la gia za mkono fundi yeyote wa mtaani analitengeneza. Mafuta linakunywa kidogo. Batri ikifa, unasukumwa, unawasha, unaondoka. Otomatiki batri ikifa unakaa hapo hapo kama mgeni aliyekosa wa kumpokea."

"Bosi, huyu mama anabeba mashuka, habebi mawe," Tai akajibu. "Kwenye foleni ya asubuhi ataminya klachi mpaka goti limlilie. Kwenye hili jeupe mguu wa kushoto ni abiria."

Nilikuwa nimemwomba fundi mmoja aje aniangalizie. Watu walimwita Bubu. Si kwamba hasemi. Ni kwamba ukimwuliza jambo leo, jibu unaweza kulipata kesho. Aliwasha magari yote mawili, akayasikiliza. Kwenye jeupe akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakinusa. Akaweka D ya kwenda mbele, akaweka R ya kurudi nyuma, akatazama kama gari linashtuka. Kwenye la bluu akavuta breki ya mkono, akaingiza gia ya juu, akaachia klachi. Injini ikazima pale pale.

"Mbona linazima?" nikashtuka.

"Ndiyo vizuri. Lisingezima, klachi imekwisha."

"Kwa hiyo lipi bovu?"

"Hakuna bovu." Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kila kidole. "Nani ataendesha?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema shemeji.

Tulisema kwa pamoja. Tai akacheka peke yake.

"Shem, wewe unajijua," shemeji akasema kwa upole, sauti ile ile ya marehemu kaka yake. "Unazimikiwa na gari. Mimi nitakuwa nakuja kila asubuhi, nakuendesha, nakurudisha. Wewe unakaa pale kama malkia."

"Mama ajaribu kwanza," Tai akadakia, akanitupia funguo za jeupe.

* * *

Tukatoka, mimi na Tai. Niliweka D, nikaachia breki, gari likaanza kwenda lenyewe, polepole, kama linajua ninaogopa. Mguu wangu wa kushoto ulitafuta klachi, ukakuta sakafu.

Tukafika njia panda. Nikasimama. Nikasubiri linizimikie kama kawaida yangu. Halikuzima. Nafasi ikapatikana, nikapita.

"Umeona?" Tai alifurahi kuliko mimi. "Na dharura je? Tuseme mtu kakuugulia humu ndani ya gari, mama. Huna haja ya kujua mengi. Unavuta hapa mpaka D, unakanyaga mafuta, unakwenda. Hata asiyejua kuendesha anafika hospitali."

Masikini. Alikuwa anauza gari tu.

Nikaegesha pembeni. Nikalaza paji la uso kwenye usukani.

"Mama? Nimesema nini?"

"Hujasema kitu, mwanangu. Nipe dakika."

Nililia kidogo mbele ya mtu nisiyemjua, naye akawa anachezea tai yake. Nilipojifuta, nilikuwa nimeshaamua. Nachukua jeupe. Anayependa apende, asiyependa shauri yake.

Tuliporudi, shemeji hakuwepo. Nikaenda nyuma ya ofisi ambako nilikuwa nimeona bomba, ninawe uso kabla hajaniona na macho mekundu. Maji yalikuwa yanatoka kwa tone. Na ng'ambo ya ukuta nikamsikia anaongea na simu.

"Nimeshamwambia achukue la gia za mkono... Hapana, hawezi kuliendesha yule, linamzimikia kila njia panda... Ndiyo, litakaa mikononi mwangu mimi. Yeye atakaa tu ndani yake. Wewe tulia."

Nikafunga bomba.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungetoka pale unawaka. Ungemvunjia heshima mbele ya madalali, ungelipia jeupe, ungeondoka nalo vumbi likitimka nyuma. Nami nilianza kutoka hivyo hivyo, kweli, mdomo umeshajaa maneno.

Halafu nikaona picha nzima. Nikajiona nimekaa kwenye gari jeupe. Naliendesha mwenyewe mpaka kwa wateja, naliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Naegesha. Naingia ndani. Naiambia misumari, vuta kidogo. Kesho yake tena.

Na nikaliona la bluu. Asubuhi, honi inalia nje. Mtu anabisha mlangoni kwangu. Hata kama ni mwongo, anabisha. Hata kama amefuata gari, ni mimi atakayeniambia "Umeamkaje, shem?"

Tangu matanga yaishe, hakuna aliyeniuliza nimeamkaje.

Nikarudi pale mbele. Shemeji naye alikuwa amerudi; wote watatu walinitazama. Tai alikuwa ameshaanza kuufuta vumbi mlango wa jeupe.

"Nachukua la bluu," nikasema.

Kitambaa kikamdondoka Tai. Shemeji akatabasamu mpaka nikaona jino lake la nyuma. Bubu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akafungua mdomo.

Sijui alitaka kusema nini. Nadhani jibu lake lilikuwa la kesho.

* * *

Niite mjinga, lakini nitakwambia ukweli: siku zile za mwanzo zilikuwa siku njema.

Gari lililala kwa shemeji, na honi ililia kila asubuhi. Nilikuwa nimeshachemsha chai ya watu wawili. Shemeji aliinywa wima akipuliza, kisha akanisaidia kukunja mashuka. Alishika ncha zake vibaya, akayapinda, nikawa nayarudia akishageuka. Sikumwambia. Misumari niliing'oa.

Garini alinisimulia mambo ya utotoni mwao. Kumbe mume wangu, mtu mzima yule na ndevu zake, aliwahi kumkimbia bata mpaka akapanda juu ya paa la choo, na alikataa kushuka hadi bata alipouzwa. Miaka yote ile sikuijua habari hiyo. Nilicheka mpaka nikashika dashibodi.

"Uliolewa na mwoga, shem," akasema, anabadili gia kwa vidole viwili tu, bila hata kuitazama.

Nikawa namwambia tupite njia ya mzunguko. Eti ile fupi ina mashimo. Ile fupi ilikuwa imetiwa lami mpya.

Wateja walianza kurudi. Meneja yule wa matope alinipa na mapazia juu yake.

Kisha mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo.

Kwanza akawa ananishusha kwa mteja wa mwisho na kuondoka. "Nina kashughuli, shem. Nakupitia baadaye." Baadaye ikawa inachelewa. Nikawa nakaa juu ya marobota nje ya nyumba za wageni, natazama kila gari la bluu linalopita.

Kisha nikakuta kiti changu kimelazwa nyuma. Mimi silazi kiti. Siku nyingine nikakuta mtandio wa kike umekunjwa vizuri kwenye mfuko wa mlango. Siku nyingine harufu ya dawa ya kuchua.

Nikaona wivu. Si wivu huo unaoufikiria, Mungu apishie mbali. Ni wivu wa mtu mwenye kiti kimoja tu duniani, akagundua kina mwingine anayekikalia.

"Shem," nikamwuliza, "nani huwa anakaa hapa?"

"Si ni wewe?"

"Na nani mwingine?"

Aliingiza gia kwa nguvu mpaka giaboksi ikalia.

"Unataka niache kuja?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema haraka mno. Naye alilisikia hilo. Tangu siku hiyo hakunywa tena chai yangu. Alipiga honi, akangoja ndani ya gari, nikapakia mzigo mwenyewe.

Halafu ikafika asubuhi ambayo honi haikulia.

Nilisimama mlangoni na mashuka ya nyumba nzima ya wageni. Nikapiga simu, haipatikani. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Meneja akapiga.

"Mama, wageni wangu walale kwenye magodoro matupu?"

"Gari limepata hitilafu, nakuja."

"Jana pia lilichelewa. Usije. Nimeshampa mtu mwingine." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Pole, mama. Lakini na mimi nina bosi."

Nilikaa kwenye robota langu. Sikulia. Nilichoka tu, uchovu ule unaoanzia miguuni.

Mchana nikapeleka taulo kwa kinyozi wangu, kwa miguu, kichwani. Alinipokea mzigo akanishangaa.

"Kwani na leo gari umemwachia mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?"

"Si lile lenu la bluu? Kila mara naliona pale kliniki ya figo, nikienda kumnyoa mjomba wangu. Hata leo lipo. Nilijua mnauguza."

Nikarudi nyumbani, nikachukua funguo za akiba kwenye kopo la vifungo. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Huyo mwanamke wake, mgonjwa asiwe mgonjwa, atanitambua. Kiti ni changu. Gari ni langu. Nitawatoa wote wawili kwa kelele, watu wajae.

* * *

Gari lilikuwa limeegeshwa upande wa kivuli cha ukuta wa kliniki. Vioo vilikuwa vimeshushwa upana wa kidole tu. Kiti changu kilikuwa kimelazwa, na juu yake palikuwa na mwanamke, amejifunika mtandio ule ule. Shemeji hakuonekana.

Nikafika na mdomo wangu umeshafunguka. Nikamwona uso.

Alikuwa mama mkwe.

Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji, ameulaza mapajani kama kitu cha kuazima. Macho yalikuwa wazi, yametazama upande wangu, lakini hayakunishika. Ukungu mweupe ulikuwa umeyatanda.

Nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa dereva, nikakaa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu pale ndipo palipokuwa na nafasi.

"Umeipata dawa?" akauliza.

Nikaufunga mlango taratibu.

"Wamekuweka sana foleni. Mimi joto linaniua."

Nikashika usukani kwa mikono miwili. Nilimsikia anapumua. Nadhani naye alikuwa ananisikia mimi, kwa sababu akageuza kichwa polepole.

"Unanuka sabuni," akasema. "Mwanangu hanuki sabuni."

"Ni mimi, mama."

"Nilishuku tangu ulipofungua mlango. Yeye huubamiza."

Tukakaa. Muuguzi mmoja akapita na toroli, magurudumu yanapiga kelele, akatupungia mkono kama watu wanaofahamika pale. Pengine mmoja wetu alifahamika.

"Nimekuja kuchukua gari langu," nikasema.

"Lichukue. Ila mimi nimo ndani yake."

Nilitaka kucheka, nikalia.

"Mbona hamkuniambia? Mama, ningekuleta mwenyewe. Ningekubeba hata mgongoni."

"Nilimkataza asikwambie. Yale niliyokutamkia mbele ya watu... ningekuomba vipi gari? Ningeanzia wapi?" Alilivuta pindo la mtandio, akajifuta mdomo. "Akasema yeye atajua la kufanya. Atakununulisha lile usiloliweza, mimi nitapanda, wewe hutajua. Nikamwambia fanya. Nilikuwa naogopa kufa, mkwe wangu. Mtu akiogopa kufa anakubali mambo."

Basi ile simu pale yadi ilikuwa ni yake. "Wewe tulia" alikuwa anaambiwa yeye.

Hasira niliyoibeba njia nzima ikanitoka. Nikabaki nimekaa nayo miguuni kama mzigo uliofika mahali usipotakiwa.

"Basi yaishe, mama," nikasema. "Tumngoje atoke, twende sote nyumbani kwake, nikupikie uji."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na vilikuwa na nguvu nisiyoitegemea.

"Kwake sirudi."

"Kwa nini?"

"Washa gari."

"Mama, amekufanyia nini?"

"Washa gari kwanza. Nipeleke kwako. Akifika hapa akanisemesha nitarudi naye, najijua. Nikiisikia sauti yake tu nitarudi."

Niliminya klachi, nikawasha. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia. Gari likaruka mara moja, likazima. Nikawasha tena. Likazima tena. Mama mkwe aliukaza mkanda wake kifuani kwa mkono ule mzima na kutazama mbele, huko asikokuona.

Hapo mlango wa duka la dawa la pale kliniki ukafunguka.

Shemeji alitoka na mfuko mdogo mkononi, anapiga mluzi. Akaliona gari. Akaniona mimi. Mluzi ukakatika. Akaanza kukimbia.

"Anakuja?" mama akauliza.

"Anakuja."

"Endesha."

"Linanizimikia!"

"Basi acha kulikimbiza. Mguu utoke polepole. Mumeo ndivyo alivyokuwa akiwafundisha wenzake pale uani kwangu. Polepole."

Shemeji alifika upande wa mama, akashika kitasa. Mama alikuwa ameshabonyeza kifungo cha mlango. Shemeji akagonga kioo kwa kiganja.

"Mama! Fungua! Shem, fungua mlango!"

Nilimtazama. Sikuwahi kumwona na uso ule. Sikuona ujanja wa kule yadi wala ule ukali wa siku nilipomwuliza habari ya kiti. Alikuwa ameogopa, ameogopa kama mtoto.

"Shem, nakuomba, usiende naye!" akapiga kelele. "Mteremshe! Hujui alichofanya! Hujui huyo alimfanya nini kaka!"

Mguu wangu ukakwama juu ya klachi.

"Endesha," akasema mama mkwe, safari hii kwa sauti ya chini kabisa.

Nikainua mguu polepole. Gari likatetemeka, likakubali, likaanza kwenda. Shemeji akakimbia nalo, mkono kwenye kioo, midomo inasema kitu ambacho injini ilikimeza. Kisha kile kiganja kikaachia, na kwenye kioo cha nyuma nikamwona amesimama katikati ya njia, mfuko wa dawa umepasuka miguuni pake.

Tulitoka langoni. Nikaingiza gia ya pili.

"Mama," nikasema, "ulimfanya nini mume wangu?"

Hakunigeukia.

"Tazama barabara," akasema.

(Itaendelea wiki ijayo.)